Hisabati na Sayansi kwa Mwanafunzi wa Uuguzi: Kiasi Gani Kinatakiwa, na kwa Nini

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila mara matokeo ya Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, swali moja huulizwa na wazazi na wahitimu wengi: kijana amefaulu Baiolojia na Kemia, lakini Hisabati amepata F, je, anaweza kusomea uuguzi? Swali hilo lina majibu mawili. La kwanza linatokana na kanuni za udahili, nalo ni fupi. La pili linatokana na kazi yenyewe ya muuguzi akiwa wodini, usiku, akiwa na bomba la sindano mkononi na mgonjwa mbele yake. Hilo ni refu zaidi, na ndilo ambalo waombaji wengi hawalisikii mpaka wanapokuwa wamekwishalipa ada.

Makala haya yanaeleza yote mawili kwa upande wa Tanzania Bara.

Kanuni za udahili

Stashahada ya Uuguzi na Ukunga husomwa kwa miaka 3, mwanafunzi akipita ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za Tuzo za Taifa za Ufundi (NTA). Vyuo vinavyotoa mafunzo hayo, vya Serikali na vya binafsi, vinasimamiwa kitaaluma na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Mwongozo wa udahili wa Baraza hilo unamtaka mwombaji awe na cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia au Sayansi ya Uhandisi. Ufaulu unaozungumzwa hapo ni kuanzia alama D, ambayo katika mtihani wa kidato cha nne ni kati ya 30 na 44 kwa 100.

Msomaji ataona kwamba Hisabati haimo katika masomo ya lazima. Pamoja na Kiingereza, imekuwa ikitajwa kuwa sifa ya ziada. Kwa maneno mengine, mwenye F ya Hisabati hazuiwi kuomba, lakini pale nafasi zinapokuwa chache na waombaji wakawa wengi, mwenye ufaulu wa somo hilo anakuwa na uzito zaidi.

Kinachowaangusha waombaji wengi zaidi kuliko Hisabati ni Fizikia, na mara nyingi hawaangushwi kwa kufeli bali kwa kutolisoma kabisa. Katika mfumo ambao wahitimu wengi wa sasa wameupitia, Baiolojia na Hisabati yalikuwa masomo ya lazima hadi kidato cha nne, lakini Fizikia na Kemia mwanafunzi aliweza kuyaacha anapoingia kidato cha tatu. Uamuzi huo hufanywa na kijana wa miaka 15 au 16, pengine kwa sababu mwalimu wa Fizikia alihamishwa, au maabara haikuwa na vifaa, au marafiki zake walichagua mchepuo wa sanaa. Miaka miwili baadaye anatamani uuguzi na kukuta mlango umefungwa. Mzazi mwenye mtoto anayemaliza kidato cha pili anafaa kuzungumza naye kuhusu jambo hili sasa, kabla ya orodha ya masomo haijabandikwa ukutani.

Kwa wanaolenga Shahada ya Sayansi katika Uuguzi, sifa za kuingia hutolewa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kemia na Baiolojia za kidato cha sita ndizo nguzo. Somo la tatu kwa kawaida ni Fizikia, ingawa baadhi ya programu hukubali pia somo jingine, kama Hisabati ya Juu au Lishe. Viwango vya alama hutofautiana kati ya chuo na chuo, hivyo mwombaji asome ukurasa wa chuo anachokitaka katika mwongozo wa mwaka anaoomba, asitegemee alichoambiwa na aliyeomba miaka mitatu iliyopita.

Lipo jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. F ya Hisabati ambayo haikumzuia mtu kuingia stashahada inaweza kumngoja mbele ya safari. Kwa baadhi ya shahada za afya, Udaktari wa Tiba ukiwa mfano ulio wazi, mwombaji anayetumia stashahada yake hutakiwa kuwa na wastani usiopungua 3.0, na juu ya hapo awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Mtumishi aliyefanya kazi miaka kumi, mwenye uzoefu na stashahada safi, anaweza kujikuta akirudi kufanya mtihani wa kidato cha nne pamoja na vijana wa umri wa wanawe. Si aibu, na wapo waliofanya hivyo. Lakini ni bora kulimaliza jambo hilo mapema.

Hesabu za wodini

Sasa tuje kwenye kazi. Hesabu anazofanya muuguzi si ngumu kwa kiwango cha darasa. Hazihitaji logi, trigonometria wala kanuni ya kutafuta vipeo vya mlinganyo wa daraja la pili. Zinahitaji kuzidisha, kugawanya, sehemu, desimali, asilimia, uwiano na kubadili vipimo. Mengi ya hayo hufundishwa shule ya msingi na kurudiwa kidato cha kwanza na cha pili. Ugumu wake uko kwingine: lazima jibu liwe sahihi kila mara. Mtihani wa shule unampa D mwanafunzi aliyepata maswali 3 kati ya 10. Wodi haina D.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Mtoto mwenye uzito wa kilo 12 ana homa, na ameandikiwa parasetamoli ya maji kwa kiwango cha miligramu 15 kwa kila kilo. Chupa iliyopo imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Muuguzi anaanza na dozi: 12 mara 15 ni miligramu 180. Kisha anatafuta ujazo: 180 gawanya kwa 120, mara 5, sawa na mililita 7.5. Kanuni ni ileile kwa karibu kila dawa ya maji na ya sindano: dozi iliyoagizwa, gawanya kwa nguvu ya dawa iliyopo, zidisha kwa ujazo unaobeba nguvu hiyo. Mwanafunzi anayeielewa kanuni hii kama uwiano, si kama mstari wa kukariri, ataweza kuitumia hata chupa ikibadilika. Na chupa hubadilika. Mzigo wa mwezi huu unaweza kuwa na nguvu tofauti na wa mwezi uliopita.

Mfano wa pili ni wa malaria kali. Sindano ya artesuneti hutolewa kwa miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20, na miligramu 2.4 kwa kila kilo kwa mwenye kilo 20 na kuendelea. Mtoto wa kilo 19 atapata miligramu 57. Wa kilo 21 atapata miligramu 50.4. Mzito amepata kidogo kuliko mwepesi, na asiyezingatia alama ya “chini ya” na “kuanzia” katika mwongozo atadhani amekosea, au atakosea kweli. Kisha kuna suala la kuchanganya: kichupa cha miligramu 60 kikiandaliwa kwa ajili ya mshipa huwa na miligramu 10 katika kila mililita, na kikiandaliwa kwa ajili ya msuli huwa na miligramu 20. Mtoto wa kilo 15 anayehitaji miligramu 45 atapewa mililita 4.5 kwa njia ya kwanza na 2.25 kwa njia ya pili. Dawa ni ileile na dozi ni ileile, lakini ujazo ni nusu. Anayechanganya njia hizo mbili atampa mgonjwa dozi mara mbili au nusu yake.

Dripu nazo zina hesabu yake. Matone kwa dakika hupatikana kwa kuzidisha ujazo wa maji kwa idadi ya matone yanayounda mililita 1, kisha kugawanya kwa muda katika dakika. Lita 1 ikitakiwa kuisha kwa saa 8, na mpira wa dripu ukiwa wa matone 20 kwa mililita, tunapata 1,000 mara 20 gawanya kwa 480, yaani takriban matone 42 kwa dakika. Namba 20 imeandikwa kwenye pakiti ya mpira, lakini si kila mpira una namba hiyo. Mipira ya watoto wachanga huwa na matone madogo, 60 kwa mililita. Muuguzi aliyekokotoa matone 30 kwa dakika kwa ajili ya mpira mdogo, kisha akaufunga mpira mkubwa kwa sababu mdogo umekwisha stoo, atamwingizia mtoto maji mara tatu ya alichokusudia. Kwa mtoto wa kilo 4, maji hayo yanaweza kujaa mapafuni.

Kifafa cha mimba

Iwapo kuna hesabu moja ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi na ukunga nchini anapaswa kuimudu kabla ya kuingia chumba cha kujifungulia, basi ni ya magnesiamu salfeti. Dawa hii ndiyo inayotumika kuzuia na kutibu degedege kwa mjamzito mwenye kifafa cha mimba, mojawapo ya sababu kuu za vifo vya wajawazito. Huja katika vichupa vyenye nguvu ya asilimia 50. Asilimia 50 maana yake ni gramu 50 katika mililita 100, kwa hiyo kila mililita ina nusu gramu, na gramu 1 imo katika mililita 2.

Katika utaratibu unaotumika sana, dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4, lakini haiingizwi ikiwa na nguvu ya asilimia 50. Lazima ipunguzwe hadi asilimia 20. Mkunga anavuta mililita 8 za dawa, ambazo ni gramu 4, na kuongeza mililita 12 za maji safi ya sindano. Jumla inakuwa mililita 20, na gramu 4 katika mililita 20 ni asilimia 20. Anaiingiza taratibu kwa muda wa dakika 5 au zaidi. Baada ya hapo hutolewa gramu 10 kwa njia ya msuli, gramu 5 kila kalio, safari hii bila kupunguzwa nguvu: mililita 10 kila upande, pamoja na dawa kidogo ya ganzi.

Hayo yote yanafanyika mama akiwa anatikisika kitandani, ndugu wakiwa mlangoni, na katika zahanati nyingi mkunga akiwa peke yake. Hakuna nafasi ya kutafuta kalamu. Ndiyo maana wakufunzi hulirudia zoezi hili mpaka mikono ya mwanafunzi izoee, na ndiyo maana mwanafunzi ambaye hajui kwa nini 8 ikijumlishwa na 12 inageuza asilimia 50 kuwa 20 yuko katika hatari ya kuisahau siku anayoihitaji.

Sayansi inaingia mara baada ya hesabu. Magnesiamu hutolewa mwilini na figo. Figo zikishindwa, dawa hurundikana, kwanza huzima mshtuko wa goti, kisha hupunguza upumuaji. Kwa sababu hiyo, kabla ya kila dozi inayofuata mkunga huhakikisha mambo matatu: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti bado linaruka likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Dawa ya kupinga sumu yake, kalsiamu glukoneti, huwekwa karibu. Anayeelewa fiziolojia ya figo hahitaji kukumbushwa kupima mkojo. Anayekariri orodha tu ataruka kipengele anachokiona kidogo, na mara nyingi kitakuwa hicho cha mkojo.

Kemia na Fizikia zinatumika wapi

Wanafunzi wengi huuliza kwa nini wanalazimishwa Fizikia ilhali muuguzi hatengenezi mitambo. Jibu ni kwamba vifaa vingi vya wodini ni Fizikia. Maji ya dripu hushuka kwa nguvu ya mvutano wa dunia, na ukishusha chupa karibu na kitanda mtiririko hupungua, hata damu inaweza kurudi katika mpira. Chupa ya kukusanya maji kutoka kifuani lazima ikae chini ya usawa wa kifua, kwani ikinyanyuliwa juu, kilichotoka kinaweza kurudi ndani. Shinikizo la damu linasomwa kwa milimita za zebaki, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa kipimo kikubwa kuliko ukweli. Chombo cha kutakasia vifaa kwa mvuke hufikia nyuzi joto 121 kwa sababu mvuke umefungiwa chini ya shinikizo. Katika sufuria ya wazi maji huchemka kwenye nyuzi 100 au chini ya hapo, nazo hazitoshi kuua chembe sugu za baadhi ya bakteria.

Mtoto mchanga naye ni somo la joto. Anapozaliwa akiwa na maji mwilini hupoteza joto kwa uvukizi. Akilazwa juu ya mzani wa chuma usio na kitambaa hulipoteza kwa mpitisho. Upepo wa dirishani humwondolea jingine, na ukuta wa baridi ulio karibu nalo hupokea joto lake bila hata kumgusa. Mkunga anayekumbuka njia hizo nne anamfuta mtoto, anamweka kifuani kwa mama, anamfunika kichwa na kufunga dirisha bila kungoja mtu amwelekeze.

Kwa upande wa Kemia, suala kubwa ni miyeyusho. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yana gramu 9 za chumvi katika lita 1, kiasi kinacholingana na mazingira ya seli za damu. Maji matupu yakiingizwa mshipani seli huvimba na kupasuka. Potasiamu kloraidi, ambayo ni sehemu ya tiba kwa baadhi ya wagonjwa, ikisukumwa mshipani bila kuchanganywa inaweza kusimamisha moyo. ORS nayo hufanya kazi kwa sababu glukosi na sodiamu husafirishwa pamoja kupitia ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Ndiyo maana pakiti ya lita 1 haichanganywi katika nusu lita “ili iwe na nguvu”, jambo ambalo bado hufanyika majumbani.

Mfano mdogo wa Kemia na hesabu kwa pamoja ni klorini ya kutakasia. Dawa ya asilimia 3.5 ikitakiwa kushushwa hadi asilimia 0.5, tunagawanya 3.5 kwa 0.5 na kupata 7, kisha tunatoa 1. Sehemu 1 ya dawa huchanganywa na sehemu 6 za maji. Kosa linaloonekana sana kwa wanaoanza ni kuweka sehemu 7 za maji, na hapo mchanganyiko unakuwa dhaifu kuliko unavyotakiwa.

Kuhusu Baiolojia hapana haja ya maelezo mengi, kwani hakuna anayeuliza kwa nini muuguzi aijue. Itoshe kusema kwamba anatomia na fiziolojia ya chuoni huanza pale kidato cha nne kilipoishia na kwenda kwa kasi, tena kwa Kiingereza. Mwenye D aliyoipata kwa kukariri majina ataona mlima.

Takwimu, somo linalosahauliwa

Florence Nightingale, ambaye wengi wanamkumbuka kwa taa aliyoibeba usiku, alikuwa pia mtaalamu wa takwimu na mwanamke wa kwanza kupokewa katika jumuiya ya wanatakwimu ya London. Hoja zake kuhusu usafi wa hospitali za kijeshi zilishinda kwa sababu alizichora kwa namba: alionesha kwamba askari waliokufa kwa magonjwa yanayozuilika walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha.

Muuguzi wa zahanati leo hujaza rejista, hujumlisha za mwezi na kuzituma katika mfumo wa taarifa za afya. Anakokotoa asilimia ya watoto waliokamilisha chanjo, na hapo lazima ajue kigawanyo ni nini: ni watoto wote wanaolengwa katika eneo lake, si wale waliofika kliniki tu. Akikosea kigawanyo, kituo kinaonekana kimefikia lengo huku kijiji kizima upande wa pili wa mto kikiwa hakijachanjwa.

Taarifa hizo ndizo zinazoisaidia nchi kujua inakoelekea. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha vifo vya wajawazito 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Mwanafunzi anayesoma namba hizo anapaswa kutambua kwamba 104 si idadi ya wanawake waliokufa, bali ni uwiano, na kwamba makadirio ya utafiti wa sampuli huwa na upana wa kukosea upande wa juu na wa chini. Kiwango hicho cha takwimu hufundishwa chuoni, na kinamtaka mtu awe na amani na asilimia na grafu.

Je, kikokotoo hakitoshi?

Hoja hii hutolewa mara nyingi, na haina budi kujibiwa kwa haki. Simu ina kikokotoo, na hospitali nyingi kubwa zina mashine za kuendesha dripu. Vifaa hivyo vinasaidia, na hakuna sababu ya kuvikataa. Lakini kikokotoo hujibu kile kilichoulizwa. Aliyebonyeza 0.5 akikusudia 0.05 atapewa jibu kubwa mara 10, tena bila onyo lolote. Kinachomwokoa mgonjwa ni muuguzi kulitazama jibu na kusema: mililita 15 za dawa hii kwa mtoto mchanga, haiwezekani. Uwezo huo wa kukadiria kabla ya kukokotoa ndio hasa Hisabati anayoihitaji.

Kwa sababu hiyohiyo wakufunzi husisitiza namna ya kuandika desimali. Nusu miligramu huandikwa 0.5, isiandikwe .5, kwa sababu nukta ikififia mtu atasoma 5. Na miligramu 5 huandikwa 5, isiandikwe 5.0, ili isije ikasomwa 50. Dawa zilizo hatari zaidi, kama insulini, hukaguliwa na watu wawili, kila mmoja akikokotoa peke yake kabla ya kulinganisha. Utaratibu huo hauna maana endapo wa pili anatikisa kichwa tu kwa kumwamini wa kwanza.

Kwa ambaye alama hazikutosha

Mhitimu aliyekosa mojawapo ya masomo matatu ya sayansi anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Anaweza kujisajili kwa masomo anayoyahitaji, na si lazima arudie yote. Tarehe za usajili hutangazwa na Baraza kila mwaka, na wanaochelewa hulipa zaidi. Ushauri wa makala haya ni kwamba anayerudia Fizikia au Kemia aongeze na Hisabati hata kama stashahada haimlazimishi, kwa sababu zilizoelezwa hapo juu.

Aliyekwisha kupata nafasi lakini ana wasiwasi na hesabu ana miezi kadhaa kabla ya chuo kufunguliwa. Atumie vitabu vya shule ya msingi na vya kidato cha kwanza bila kuona haya: sehemu, desimali, asilimia, uwiano, vipimo vya metriki. Ajue bila kufikiri kwamba gramu 1 ni miligramu 1,000, na miligramu 1 ni maikrogramu 1,000. Afanye mazoezi ya dakika 20 kila siku kwa mkono, bila simu. Kwa mwenye D ya kweli hiyo inatosha kumfikisha darasani akiwa na miguu imara, na mwenye F pia anaweza kufika, ila atahitaji muda mrefu zaidi.

Wazazi wanakumbushwa kuthibitisha usajili wa chuo katika tovuti ya NACTVET kabla ya kulipa fedha yoyote. Chuo kinachompokea mwombaji asiye na Fizikia au Kemia kwa ahadi kwamba “mambo yatarekebishwa ndani” hakimsaidii. Mhitimu wa uuguzi hafanyi kazi kwa cheti cha chuo pekee. Kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, lazima asajiliwe na apate leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na upungufu wa sifa za kuingilia unaweza kuibuliwa hapo, baada ya miaka mitatu ya ada. Miongozo ya udahili ya NACTVET na TCU hupatikana bila malipo katika tovuti za taasisi hizo, na ndiyo inayopaswa kusomwa kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa.